Koti la Jotham

"Dada, wewe ulijuaje kabla yetu kwamba mzee amekufa?"

Hapo ndipo tulipomwacha Phelista wiki jana, msomaji wangu: simu sikioni, leso imefunika nusu ya uso, amejificha nyuma ya pazia la jikoni katika hoteli ya mama yake mdogo, mjini Kitale. Upande wa pili wa pazia watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni wakimtazama yeye huyo huyo akiimba kwenye televisheni, na hakuna aliyejua kwamba yuko karibu kiasi cha kusikia wakinywa chai.

Aliyepiga simu ni Kevin, ndugu yake mdogo, kutoka nyumbani kwao Myanga, kule Bungoma.

Phelista alishika meza ya kukatia sukuma wiki.

"Kevin! Unasema nini? Papa amekufa?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

"Mimi niko Kitale, nitajuaje? Nani amekuambia?"

"Si wewe!" Kevin alikuwa analia kabisa. "Si tunakuona hapa kwa TV! Umevaa koti yake, umevaa kofia, unatembea kinyumenyume ukimwita. Soko nzima imeona. Senje Sellah, shangazi yetu, ameanguka pale kwa posho mill, ametoka akilia mpaka nyumbani. Ungetupigia kwanza, bana! Si utuambie kwa TV kama taarifa ya habari!"

"Kevin, hiyo ni show. Ilirekodiwa Nairobi zamani. Ni wimbo tu."

Kisha sauti ya Kevin ikashuka.

"Wimbo tu? Dada, kwani hujui binti akivaa koti ya babake namna hiyo ni nini?"

Hakujua. Na hapo ndipo shimo lilipochimbwa.

Phelista alizaliwa Myanga, lakini alilelewa Kitale na jamaa za mama yake, watu wa Mlima Elgon. Alikwenda Bungoma wakati wa likizo, akala kuku, akarudi shule. Matanga ya kwa baba yake aliyaona kwa mbali, kama mtoto anavyoona mambo ya wakubwa. Hakuna aliyewahi kumketisha chini akamwambia kwamba upande ule, mwanamke akivaa koti la mwanamume mbele ya watu, kofia ya mwenye koti kichwani, akatembea kinyumenyume akimwita ainuke, huyo hafanyi mitindo. Huyo amefiwa.

Naye alikuwa amelivaa kwa mapenzi! Miaka minne alikuwa hajakanyaga Myanga. Jotham, mzee wa kanisa, alimfukuza siku aliposikia sauti ya binti yake redioni ikiimba mambo ya dunia. Mvua ilikuwa inanyesha siku ile. Chepchumba, mama yake, alilichomoa koti la kijivu kwenye msumari na kumtupia Phelista mabegani. Jotham akapiga kelele: "Chepchumba! Hata hiyo unampa?" Tangu siku hiyo Phelista aliamini kwamba baba yake alililia koti kuliko alivyomlilia mtoto.

Basi walipompa saa nzima ya televisheni, aliimba kwa Kenya yote ili mtu mmoja asikie. Mtu mmoja tu. Alitaka mzee huyo aseme, "Njoo nyumbani, Krismasi imefika." Hakutaka kingine.

"Papa mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

"Alitoka Ijumaa. Ati anaenda Lwakhakha kuangalia ndama. Hajarudi, na simu hana. Ndiyo maana watu wanasema kama ni ajali ama ni nini, wewe ndiye umepata habari kwanza. Mama ako hapa, wanamzunguka. Dada, kama hajakufa, yuko wapi?"

Simu ikakatika.

* * *

Phelista alilivuta pazia. Leso ilikuwa imemwanguka na hakujali.

Watu hawakumtazama. Walikuwa wanamtazama.

Yaani macho yote yalikuwa kwenye kioo, ambako Phelista mwingine, aliyepakwa rangi na kumulikwa taa, alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, koti la kijivu limemzidi mabega, akiimba ule ubeti ambao sasa hivi unaimbwa na kila kondakta:

*Baba nimevaa koti, baridi ikanitoka,*
*Mifukoni sina noti, ila jina nimeweka,*
*Nimekuita kwa dhati, sauti imekauka,*
*Papa inuka nione, mwanao nimeshafika.*

Wangui, muuza viazi, alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya aproni. "Huyu msichana amenikumbusha baba yangu. Ai, Mungu ambariki."

"Ambariki kwa nini?" Rotich, karani mstaafu, aliuliza kwa ukali. "Msichana mzima kuvaa koti ya mwanaume! Hiyo ni adabu?"

"Wewe Rotich hata harusi hukupenda. Ile yako," Wangui alimjibu.

"Hiyo koti ni noma," kijana mmoja wa karakana alisema. "Krisi hii natafuta ya guka, babu yangu."

"Guka yako atakuvalisha kiboko!"

Wakacheka, wakabishana, wakagawanyika kama walivyogawanyika mwezi uliopita kwenye kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na chungwa. Wengine walisema ni wimbo wa mwaka, wengine wakasema ni kelele. Lakini pembeni, karibu na sinki, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa amesimama wima, kofia ameishika kifuani. Alikuwa amesimama hivyo tangu wimbo uanze. Phelista alikuwa amemchungulia kutoka nyuma ya pazia, akajisifu moyoni: angalau kuna mzee anayeheshimu sanaa.

Sasa alimkaribia. "Mzee, mbona umesimama?"

Mzee akamtazama. Akatazama kioo. Akamtazama tena, na uso wake ukajaa huruma.

"Kumbe ni wewe, mwanangu. Sisi watu wa Bungoma tunasimama kwa mtu aliyefiwa. Pole sana. Mzee aliugua?"

Phelista alifungua mdomo. Kabla hajasema neno, hoteli nzima ikalipuka kwa makofi. Kwenye kioo wimbo ulikuwa umefika mwisho: Phelista wa televisheni amelivua koti, amelizungusha juu ya kichwa, na — paa! — amelitupa kwa watazamaji. Mikono mia ikaruka kulidaka.

Mzee aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Amelitupa," alisema. "Koti la mzee. Amelitupa kwa watu."

Akavaa kofia yake, akatoka, chai ameiacha inafuka moshi.

* * *

"Kigen! Leta funguo!" Mama mdogo Jepchirchir alikuwa amesikia yote, akamwita mwanawe. "Mpeleke dada yako Bungoma sasa hivi."

"Na mahindi iko kwa pikapu?"

"Nenda na mahindi!"

Kigen alikuwa kijana wa maneno mengi, lakini walipita Kiminini bila kutamka lolote. Walipofika Kamukuywa akashindwa kuvumilia.

"Nani alikuambia uvae hiyo koti?"

"Nilikuwa nayo tu. Nilienda nayo studio kwa sababu ya baridi. Ian akaiona, akapenda."

"Ian ndiye yule producer wako?"

"Ndiye. Akasema niongeze kofia. Akasema nitembee nikirudi nyuma, itatoka poa. Hata kuitupa alisema yeye. Aliniambia, 'Irushe, usiogope, nitaiokota mwenyewe.' Tangu siku hiyo nikiuliza ananiambia iko kwa dobi."

Kigen alibadilisha gia polepole.

"Huyo Ian ni mtu wa wapi?"

"Wa Nairobi." Phelista akamgeukia Kigen. "Hapana. Yeye kwao ni Sirisia."

"Sirisia ya huko huko Bungoma?"

"Eeh."

"Basi, Phelista," Kigen alisema, "wewe ulikuwa hujui. Yeye alijua."

Koti. Kofia. Kurudi nyuma. Kila kitu kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama mpishi anavyojua chumvi inaingia lini! Phelista alibonyeza simu.

Ian alipokea akicheka. "Feli! Umeona? Kenya nzima inalia! Simu za stesheni zimejam. Kuna mama amepiga kutoka Kakamega ametukana mpaka amekosa pumzi, halafu akauliza kaseti inauzwa wapi."

"Ian, nyumbani kuna kilio. Wanadhani baba yangu amekufa."

"Ah." Hakushtuka hata kidogo. "Pole. Hiyo itapita."

"Koti iko wapi?"

"Iko salama."

"Na wewe uko wapi?"

"Mimi?" Ian alisema. "Mimi niko Bungoma, mrembo. Tangu Ijumaa. Na kamera."

* * *

Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Uganda pikapu ilipofika Myanga. Kilio walikisikia kabla hawajaona paa la nyumba.

Boma lilikuwa limefurika. Turubai limefungwa, moto umewashwa mbele ya nyumba, fahali amefungwa kwenye mti. Wanawake walikuwa wanazunguka na matawi mabichi mikononi. Mchungaji alikuwa amesimama upande mmoja na Biblia, akisema tuombe, habari haijathibitishwa. Upande wa pili wazee walikuwa wanauliza fahali anachinjwa saa ngapi. Myanga nayo ilikuwa imegawanyika.

Senje Sellah, dada yake Jotham, ndiye aliyemwona kwanza.

"Ndiye huyo! Star wa televisheni! Umekuja kutuimbia tena? Sema! Ndugu yangu amelala wapi? Mochari gani?"

"Senje, sijui. Sikusikia kitu. Niliimba tu."

"Uliimba tu! Mtu anaimba tu na koti ya ndugu yangu mgongoni? Na sasa hiyo koti iko wapi? Mbona umekuja mikono mitupu?"

Watu wakarudia: koti iko wapi, koti iko wapi. Phelista alijua kitu kimoja ambacho kilimpa afueni ndogo: hawa hawakuuona mwisho wa kipindi. Kilio kilipoanza sokoni waliiacha televisheni ikiimba peke yake. Hawakuona alivyolitupa.

Alipenya hadi kwa mama yake. Chepchumba alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka, macho makavu. Wanawake wawili walikuwa wanavuta kitambaa chake cha kichwa, maana mjane hakai matangani na kichwa kimefungwa. Naye alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili.

"Nimewaambia mume wangu hajafa. Mniache."

"Mkaidi!" Sellah alifoka. "Watu wa mlima hawajui kulia. Tangu mchana tunamwomba afungue kichwa, hataki. Labda anajua kitu!"

Phelista akapiga magoti. "Mama."

Chepchumba alimvuta karibu, mdomo sikioni. Hakuuliza habari ya Jotham. Hakuuliza habari ya safari.

"Hiyo koti umeacha wapi?"

"Sina, mama. Iko kwa watu wa Nairobi."

"Mshukuru Mungu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Hapa isirudi. Unasikia? Isirudi kabisa."

Phelista hakuelewa. Hakupata muda wa kuelewa, kwa sababu kule getini mtu alipiga ukunga, na huo haukuwa wa kilio.

Ulikuwa wa hofu.

* * *

Jotham alikuwa ameketi nyuma ya baiskeli ya boda boda, mfuko wa plastiki mapajani, sweta limemshika mwilini, uso umejaa vumbi. Mzima kama wewe na mimi!

Wanawake waliacha matawi wakakimbia. Mwingine alikemea, "Shindwa! Shindwa!" Yule wa boda boda aligeuka akamtazama abiria wake, akatazama turubai, akatazama fahali, akaelewa amembeba nani. Aliiacha baiskeli ikaanguka pale pale, akaingia kwenye mahindi.

"Ni mimi," Jotham alisema kwa uchovu. "Ningekuwa mzimu ningepanda boda boda?"

Kevin alikimbia kumkumbatia. Fimbo ikamzuia. Ilikuwa ya Mzee Khaemba, mkubwa wa ukoo, aliyeinuka kitini na kuiweka ikapita geti kutoka nguzo hadi nguzo.

"Simama hapo, Jotham. Na wewe kijana, usimguse."

"Hii ni nyumba yangu, Khaemba."

"Ni yako. Lakini umeliliwa. Moto wako umewashwa. Mtu aliyeliliwa akiingia hivi hivi, kile kilio kinabaki ndani ya nyumba kikitafuta mtu wa kumchukua. Itakuwa wewe, ama itakuwa mmoja wa hawa watoto. Unajua. Ulikuwepo walipofanya hivyo kwa marehemu shemeji yako."

Mchungaji akakohoa. "Mzee, kwa jina la Yesu sisi tunaweza kuomba na—"

"Omba, mchungaji. Maombi ni mazuri. Fimbo haiondoki."

"Basi nifanye nini?" Jotham aliuliza.

"Aliyevaa koti lako akakulilia wa kwanza, huyo ndiye atalirudisha mabegani mwako, kwa mkono wake, mbele ya watu waliolia. Ndipo tuchinje kondoo, tukupake, uingie ulale kwako. Bila koti, hulali hapa. Leo wala kesho."

Macho yote yakamgeukia Phelista.

Miaka minne alikuwa anaomba baba yake amfungulie mlango. Na sasa tazama dunia inavyocheka: yeye ndani, baba nje, na ufunguo ameutupa yeye mwenyewe Nairobi, watu wakipiga makofi.

Alikwenda getini. Baba alikuwa amezeeka. Shingo ya sweta ilikuwa imefumuka. Kumbe tangu koti lile liondoke hakuwahi kununua lingine.

"Papa."

"Nimeona," Jotham alisema.

"Umeona nini?"

"Kipindi. Nimekiona Lwakhakha, kwa hoteli ya mtu asiyenijua."

Mnong'ono ukapita watu wote kama upepo kwenye mtama. Jotham? Mzee wa kanisa? Yule aliyepasua redio kwa jembe?

"Papa!" Kevin alisema. "Si ulituambia ni ndama?"

"Hakuna ndama."

Alikwenda! Alivuka vilima vyote vile, akakaa kwenye benchi la wageni, akamtazama! Phelista alisahau fimbo, alisahau kilio. "Ulisikia wimbo? Wote?"

"Wote."

"Ukaupenda?"

Jotham aliangalia mikono mitupu ya binti yake. "Koti iko wapi?"

Kevin alikuwa amesimama nyuma ya dada yake. Alimnong'oneza haraka, midomo haionekani kusogea: "Sema iko kwa gari. Kigen ataenda kutafuta hata ingine. Sema tu, dada. Hawakuona mwisho."

Hakika ilikuwa rahisi. Neno moja, na jioni ingepita. Lakini Phelista aliangalia lile sweta lililofumuka, na uongo ukamkwama.

"Sina, papa. Niliitupa kwa watu."

"Wooi!" Sellah alishika kichwa. "Ametupa! Ametuua!"

Watu walirudi nyuma kana kwamba ameshika nyoka. Khaemba alifumba macho. Jotham peke yake hakubadilika.

"Najua," alisema. "Niliona mpaka mwisho. Nilitaka kuona kama utanidanganya."

Na kwa mara ya kwanza kwa miaka minne, pembe ya mdomo wake ililegea kidogo. Kidogo tu! Phelista aliliona hilo, na angelipa roho yake ili lisikome.

Ndipo gari jeupe likapiga honi.

* * *

Ian alishuka amevaa miwani ya jua, ingawa jua lenyewe lilikuwa linaaga. Nyuma yake kijana mrefu aliyebeba kamera begani. Na mkononi mwa Ian, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi, koti la kijivu.

"Mulembe, wazee," aliamkia kwa lugha ya nyumbani, kwa heshima zote. "Nimesikia mnatafuta hii."

Phelista alimrukia. "Wewe ulijua! Wewe ni mtoto wa hapa! Ulijua watu watafanya nini!"

"Nilijua watalia," Ian alisema polepole. "Wimbo ambao hauliliwi wala haugombaniwi, nani anaununua? Nilikupa Kenya nzima, Feli. Sasa nakupa na baba yako. Umvalishe koti hapa, getini, mbele ya watu wake. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya kipindi. Nasema tu kamera iwashwe. Isipowashwa, koti inarudi Nairobi na mimi."

"Mshenzi!" Kigen alikunja mikono ya shati.

"Nipige, rafiki. Hiyo pia tutaionyesha."

Vijana wakaanza kuokota mawe. Wengine, nasema ukweli ulivyo, walikuwa wanajipanga nywele ili watokee vizuri. Mzee Khaemba alisema mila si sinema. Mchungaji akasema kwa hilo wanakubaliana.

"Chukua uende!" Phelista alimwambia Ian. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba yangu si wa kuonyeshwa. Nitatafuta njia ingine."

"Choma hiyo koti!"

Wote waligeuka. Chepchumba alikuwa amesimama kutoka mkekani. Mwanamke ambaye hakulia mchana kutwa sasa alikuwa anakuja mbio, viatu ameviacha.

"Choma, nasema! Jotham, mwambie aichome! Twende tukakae Kitale, twende popote, tusilale hapa tena. Lakini hiyo koti isiwekwe mbele ya hiyo mashine! Jotham, uliniapia!"

Jotham alimtazama mke wake. Kitu kilipita kati yao, cha zamani, kizito, na Phelista alijiona ghafla kama mtoto aliyeingia chumbani wakubwa wakiongea.

"Nimechoka, Chepchumba," Jotham alisema kwa upole. "Huyu mtoto amesema ukweli mbele ya watu na hakuna aliyemsaidia. Sisi wazee tutashindwa?"

Akamgeukia Ian.

"Washa."

"Papa, hapana!"

"Nimesema awashe. Wewe uliimba kwa Kenya nzima. Na mimi nitasema kwa Kenya nzima."

Taa nyekundu ikawaka. Ian alimpa Phelista koti, na mikono yake ikalijua kabla ya macho: kiraka cha ngozi kwenye kiwiko, kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Khaemba aliinua fimbo kidogo, tayari. Phelista alilikunjua, akalinyanyua ili amvishe baba yake mabegani.

Jotham alimshika kifundo cha mkono.

"Ngoja. Usinivishe."

"Kwa nini, papa? Hutaki kuingia nyumbani?"

"Phelista," alisema, naye hakuwa amelitaja jina hilo tangu siku ya mvua. "Leo umemlilia baba yako. Umemlilia vizuri kuliko hawa watu wote. Ila si mimi."

Jotham aligusa kile kiraka cha kiwiko.

"Hiyo koti mama yako alikuja nayo hapa kwangu, na wewe ukiwa tumboni. Mimi nimeivaa miaka yote ndiyo watu wasimuulize ni ya nani. Mwenyewe alizikwa bila kuliliwa na mtu."

Senje Sellah alikuwa ameachama. Kamera ilikuwa inamtafuta Phelista usoni, nayo macho yake yalikuwa yanamtafuta mama yake.

Chepchumba alikuwa ameketi chini, hapo hapo penye vumbi la geti. Tangu mchana walikuwa wamemvuta, wamemwomba, wamemtukana, naye akakataa. Sasa aliinua mikono yote miwili kichwani, akakifungua kitambaa mwenyewe.